Mafundi wa Vifungu

Soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, mchimbaji mdogo kutoka Nyarugusu au Mgusu aliweza kuingia mlangoni na kipande chake mkononi, kikawekwa kwenye mizani mbele ya ofisa wa Tume ya Madini, usafi wake ukapimwa, bei ya siku ikatajwa, na makato yakaandikwa yeye mwenyewe akiona. Mrabaha asilimia 6. Ada ya ukaguzi asilimia 1. Ushuru wa huduma wa halmashauri asilimia 0.3. Jumla asilimia 7.3 ya thamani ya mzigo. Makato mawili yaliyokuwa yakiwasukuma wengi kuuza kwa kificho, kodi ya zuio ya asilimia 5 na VAT ya asilimia 18, hayakuwamo tena.

Hakuna hata tarakimu moja kati ya hizo iliyotungwa Geita. Asilimia 6 ilitokana na marekebisho ya Sheria ya Madini yaliyopitishwa Julai 2017. Asilimia 1 ililetwa na Sheria ya Fedha ya mwaka huohuo. Ile 0.3 ilitoka kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Kodi zile mbili zilifutwa kwa marekebisho yaliyopita mapema 2019, baada ya wachimbaji kukutana na Rais Dar es Salaam Januari mwaka huo na kueleza kilio chao. Zote zilipita Bungeni. Zilisomwa kwa namba, zikahojiwa, zikaafikiwa, kisha zikasafiri hadi mezani pa mtu ambaye pengine hajawahi kuiona Dodoma.

Ufundi wa kuzifikisha tarakimu hizo pale mezani unastahili sifa zaidi ya zile unazopewa. Bunge letu linajulikana zaidi kwa vijembe. Video inayozunguka kwenye simu ni ya mbunge aliyepaza sauti, aliyetolewa nje, au aliyechekesha ukumbi mzima. Lakini ukikaa na Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, yaani Hansard, ukazisoma bila haraka, unakutana na kazi nyingine kabisa, inayofanana na ya fundi cherehani: kupima, kukata, kushona, kufumua na kushona tena. Fundi hodari wa Bunge utamjua kwa namna anavyotumia zana tano au sita ambazo Katiba na Kanuni za Kudumu zimempa.

Zana zenyewe zimeandikwa wazi. Katiba ya 1977, Ibara ya 62, inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na Wabunge. Ibara ya 63 inaipa ile sehemu ya pili, ya Wabunge, kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, kisha inaorodhesha njia za kuifanya: kumuuliza Waziri yeyote swali, kujadili utekelezaji wa kila Wizara wakati wa mkutano wa bajeti, kujadili na kuidhinisha mipango ya maendeleo, kutunga sheria, na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Ni orodha fupi. Kinachotofautisha Bunge na Bunge, na mbunge na mbunge, ni mikono inayoishika.

Katika ukanda wetu wa madini, Shinyanga iliingia kwenye kazi hii mapema. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, likakaa karibu miaka 20 bila Mwafrika hata mmoja ndani yake. Mwaka 1945 waliteuliwa wawili wa kwanza: Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia kutoka Shinyanga, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa amesoma Makerere. Waliingia kwenye ukumbi ambamo kanuni zote, lugha yote na wingi wote wa kura vilikuwa vya wengine. Kwa idadi, hawangeweza kushinda hoja yoyote. Lakini uwepo wao ulithibitisha jambo ambalo lina uzito hadi leo: aliyemo ukumbini huandikwa kwenye kumbukumbu, na kilichoandikwa kwenye kumbukumbu hakifutiki kwa kukipigia kelele.

Zana iliyo nyepesi kuliko zote ni swali. Mbunge huliandika, hulipeleka kwa Katibu wa Bunge, linapangiwa siku, na asubuhi ya siku hiyo linafika kwenye Orodha ya Shughuli. Waziri au Naibu wake husoma jibu lililoandaliwa na wataalamu wa Wizara. Mpaka hapo hakuna ufundi mkubwa. Wizara imekuwa na muda wa kujipanga, na jibu huwa limepigwa pasi vizuri. Ufundi upo kwenye maswali ya nyongeza.

Hapo ndipo msomaji wa Hansard anapojifunza kutambua viwango. Mbunge mchanga hutumia nafasi ya nyongeza kutoa hotuba. Anasifu, analalamika, anaeleza historia ya jimbo, kisha anamaliza kwa kuuliza Serikali ina kauli gani. Serikali daima ina kauli. Mbunge mzoefu husikiliza jibu la msingi kama mtu anayekagua mzani, akachukua neno moja lililotoka kinywani mwa Waziri na kulirudisha. Waziri amesema eneo litatengwa kwa wachimbaji wadogo. Je, litatengwa kabla ya Juni, na ni lipi kati ya maeneo ambayo leseni zake za utafiti zimekwisha muda? Swali la namna hiyo haliachi nafasi ya kukimbilia. Likijibiwa, tarehe inaingia kwenye kumbukumbu. Lisipojibiwa, kukwepa kwenyewe kunaingia kwenye kumbukumbu. Na ahadi iliyotolewa na Waziri ndani ya Bunge si maneno ya jukwaani. Inaweza kufuatiliwa na kudaiwa kikao baada ya kikao.

Kuna siku swali halitoshi, na hapo ndipo kamati zinapoingia. Wananchi wengi wanaona ukumbi mkubwa na kudhani kazi yote iko hapo. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kwenye vyumba vya kawaida, mezani, mbele ya marundo ya nyaraka, watendaji wakiwa wameketi upande wa pili.

Mwaka 2017 Spika Job Ndugai aliunda kamati mbili maalumu, moja kuchunguza biashara ya tanzanaiti na nyingine biashara ya almasi. Ya tanzanaiti aliikabidhi kwa Doto Biteko, mbunge wa Bukombe mkoani Geita. Ya almasi aliikabidhi kwa Mussa Azzan Zungu, mbunge wa Ilala. Kuchunguza almasi nchini maana yake ni kuchunguza Mwadui, mgodi wa Kishapu mkoani Shinyanga uliotokana na ugunduzi wa John Williamson mwaka 1940. Kwa zaidi ya miaka 70 watu wa Shinyanga walikuwa wameishi kando ya uzio ule. Sasa wabunge walikuwa wanadai mikataba, hesabu za uzalishaji, namna almasi inavyothaminishwa, na nani anakuwepo pale inapothaminishwa. Septemba mwaka huo taarifa zote mbili zilikabidhiwa kwa Serikali, na Waziri George Simbachawene na Naibu Waziri Edwin Ngonyani, ambao majina yao yalitajwa, walijiuzulu siku hiyohiyo zilipofika kwa Rais. Miaka minne baadaye, mwaka 2021, Serikali na kampuni ya Petra Diamonds walifikia makubaliano yaliyopandisha hisa za nchi katika Mwadui kutoka asilimia 25 hadi 37.

Mwingine aliyejua uzito wa kamati ni James Lembeli, aliyekuwa mbunge wa Kahama na mwenyekiti wa Kamati ya Ardhi, Maliasili na Mazingira. Kamati yake ilichunguza namna Operesheni Tokomeza, iliyolenga majangili, ilivyoendeshwa na jinsi wananchi walivyotendewa. Desemba 2013 alisimama na kusoma taarifa. Kabla siku haijaisha, mawaziri wanne walikuwa wamepoteza nafasi zao: wa Maliasili, wa Mambo ya Ndani, wa Ulinzi na wa Mifugo. Wote walikuwa wa chama kimoja na msomaji wa taarifa hiyo, na hilo ndilo la kutazamwa. Taarifa ya kamati ikiwa imesimama juu ya ushahidi, ikiwa imepanga mambo kwa utaratibu na haikutia chumvi, humshinda hata yule ambaye hakutaka kuisikiliza.

Lakini zana zinaweza kukataa pia. Februari 2007 mkataba wa mgodi wa Buzwagi, wa kule Kahama, ulisainiwa London na Waziri wa Nishati na Madini wa wakati huo, Nazir Karamagi. Agosti mwaka huo Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini kutoka kambi ya upinzani, aliwasilisha hoja akitaka iundwe Kamati Teule kuuchunguza mkataba huo. Hoja ilikataliwa. Siyo hivyo tu: Bunge liliamua kumsimamisha yeye mwenyewe hadi Januari 2008.

Anayetazama Bunge kama mchezo wa ligi angesema siku ile Zitto alifungwa. Anayelitazama kama kazi ya muda mrefu anaona jambo jingine. Hoja ilikuwa imewekwa mezani kwa utaratibu, na nchi nzima ilikuwa imeisikia. Novemba 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kupitia sekta yote ya madini, na Zitto akawa mmoja wa wajumbe, pamoja na John Cheyo wa Bariadi Mashariki, jimbo ambalo wakati ule lilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga. Taarifa yao ya 2008 ilichangia kuzaliwa kwa Sheria ya Madini ya 2010.

Humo mna kipande kinachoonesha ufundi wa sheria ulivyo mwembamba. Watu walizungumza sana kuhusu mrabaha wa dhahabu kupanda kutoka asilimia 3 hadi 4. Badiliko lililokuwa na uzito zaidi lilikaa kimya pembeni yake. Chini ya sheria ya 1998 mrabaha ulikokotolewa baada ya kampuni kuondoa kwanza gharama kama za usafirishaji na usafishaji. Sheria ya 2010 ikaamuru ukokotolewe kwenye thamani ghafi, kabla ya gharama hizo kukatwa. Asilimia ni namba ambayo kila mtu anaiona. Msingi wa kukokotolea ndiyo namba ambayo mwanasheria wa kampuni anaitafuta kwanza. Mbunge anayepigania asilimia na kusahau msingi anaweza kurudi nyumbani na ushindi usio na fedha ndani yake.

Kwa hiyo tuukaribie muswada wenyewe, hatua kwa hatua. Muswada wa Serikali huandikwa na waandishi wa sheria waliobobea, huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, na mwishoni mwake hubeba sehemu ya Madhumuni na Sababu inayoeleza kwa nini umeletwa. Unasomwa Mara ya Kwanza kwa jina tu, bila mjadala, kisha unakwenda kwenye kamati. Huko ndiko wadau wanakoitwa: makampuni, wanasheria, asasi, na vyama vya wachimbaji kama FEMATA ya kitaifa na GEREMA ya mkoa wa Geita. Ni hatua ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuisogelea, na ni hatua ambayo maoni yake yana nafasi kubwa ya kubadili kitu, kwa sababu maandishi bado ni laini.

Mara ya Pili Waziri hutoa hoja, mwenyekiti wa kamati hutoa maoni, na wabunge hujadili shabaha ya muswada kwa ujumla. Hapo ndipo televisheni hupenda kuwepo. Baada ya hapo linakuja jambo ambalo huwafanya watazamaji wengi wazime runinga, nami nasema ndipo kazi inapoanza. Bunge linageuka kuwa Kamati ya Bunge Zima. Spika sasa anaitwa Mwenyekiti. Katibu anasimama na kusoma: Kifungu cha 1. Kifungu cha 2. Kifungu cha 3. Mwenyekiti anahoji, waliopo wanaafiki au wanakataa, Katibu anaendelea.

Ndipo kifungu fulani kinapotajwa na mbunge mmoja anasimama. Mkononi ana karatasi inayoitwa Jedwali la Marekebisho, aliyoiwasilisha mapema ili wenzake wagawiwe nakala. Karatasi hiyo haina hotuba. Inasema tu kwamba katika kifungu fulani, fasili fulani, yafutwe maneno haya na badala yake yawekwe maneno haya. Ameiandika pengine usiku, akisaidiwa na mwanasheria wa Bunge, akihakikisha kwamba badiliko lake halivunji kifungu kingine kurasa ishirini mbele. Waziri anajibu. Mwanasheria Mkuu wa Serikali anajibu. Wabunge wengine wanachangia kwa dakika chache. Mwenyekiti anahoji. Hansard inaandika kwamba kifungu kilichotajwa kimepitishwa na Kamati ya Bunge Zima pamoja na marekebisho yake, au bila mabadiliko yoyote. Mstari mmoja tu, na maisha ya watu yamekwisha kubadilika.

Nikitaka kumwonesha kijana ukubwa wa jambo hilo, humfungulia vifungu vya 2017. Sheria ya Madini kama ilivyorekebishwa mwaka huo inaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni yenye leseni ya uchimbaji mkubwa au wa kati, na hisa hizo hazipunguzwi hata kampuni ikiongeza mtaji. Ukiondoa hilo la mwisho, asilimia 16 ya leo ingeweza kuyeyuka hadi asilimia 2 ndani ya miaka michache bila mtu yeyote kuvunja sheria. Nguvu ya kifungu imejificha kwenye kinga yake. Ni hisa hizohizo za asilimia 16 zilizokuja kuonekana katika kampuni ya Twiga, iliyoundwa na Serikali pamoja na kampuni ya Barrick kusimamia migodi ya Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara.

Sheria ileile ina kifungu kinachoigusa kila halmashauri ya ukanda huu. Mwenye leseni ya uchimbaji analazimika kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika. Zamani zahanati au madawati yaliyotoka mgodini yalikuwa hisani; leo ni jambo la kukaa mezani na kukubaliana kwa maandishi. Diwani wa Geita au wa Msalala anayekijua kifungu hicho anaingia kwenye kikao na kampuni akiwa na miguu miwili ya kusimamia.

Pamoja na sheria hiyo zilipita nyingine mbili. Moja ni ya Mamlaka ya Nchi Kuhusiana na Umiliki wa Maliasili. Nyingine ni ya Mapitio na Majadiliano Kuhusu Masharti Hasi katika Mikataba ya Maliasili za Nchi. Hii ya pili inataka mkataba wa maliasili ukishasainiwa utolewe taarifa Bungeni ndani ya siku sita za vikao vya mkutano unaofuata, na inalipa Bunge uwezo wa kuazimia kwamba masharti yenye kasoro yajadiliwe upya. Mkumbuke Zitto na Buzwagi. Kilichokataliwa kama hoja ya mtu mmoja mwaka 2007 kilirudi baada ya miaka 10 kikiwa wajibu wa kisheria.

Nazipenda sheria hizo, na ndiyo maana nasema kwa uchungu kwamba zilistahili muda zaidi. Zililetwa kwa Hati ya Dharura mwishoni mwa Juni 2017 na kupitishwa siku za mwanzo za Julai. Hati ya Dharura ni utaratibu halali. Kanuni zinauruhusu, na nchi inaweza kufikwa na jambo lisilosubiri. Lakini dharura inafupisha ile hatua ya kamati, pale ambapo mchimbaji wa Rwamgasa, mwanasheria wa kampuni na mwalimu wa chuo kikuu wangesoma na kuonesha mshono uliolegea. Sheria iliyotungwa kwa siku chache inaweza kuwa na shabaha njema kabisa na bado ikaacha matundu yatakayozibwa kwa miaka. Muda ni malighafi ya Bunge. Lipunguze muda, na hata mafundi bora watatoa kazi iliyo chini ya uwezo wao.

Zana nyingine ni fedha, na hapa Bunge lina uwezo ambao hauonekani hadi uukaribie. Kuanzia Aprili hadi Juni kila Wizara hupita mbele ya wabunge. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, Katibu hutaja fungu na vifungu vyake. Fungu 100 ni Wizara ya Madini. Kifungu 1001, cha Utawala na Utumishi, ndicho chenye mshahara wa Waziri, na hapo ndipo wabunge hujipanga. Mbunge mwenye hoja ya kisera, tuseme fidia ya wananchi waliopisha mgodi, anasimama na kueleza kwamba asiporidhika na maelezo atakusudia kutoa shilingi kwenye mshahara wa Waziri.

Shilingi moja haimpunguzii Waziri chochote. Lakini ikishashikwa, ukumbi wote unalazimika kusimama juu ya jambo la kijiji kimoja. Wenzake wanaunga mkono au wanapinga, Waziri anainuka mara ya pili na ahadi iliyo wazi zaidi ya ile ya mwanzo, na mwisho mbunge anarudisha shilingi au Bunge linapiga kura. Fundi wa shilingi anajua kabla hajasimama ni ahadi gani atakubali kama malipo. Asiyejua hurudisha shilingi kwa maneno matamu, na mwaka unaofuata anaanza upya.

Bajeti nzima ikifika mwisho, kura hupigwa kwa kuita jina la kila mbunge, naye hujibu hadharani. Katiba imeweka uzito mkubwa hapo: Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali, Rais anaweza kulivunja. Na fedha zikishatumika, kazi inarudi kwa mlango mwingine. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hutoa taarifa yake kila mwaka, na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwaita wakurugenzi wa halmashauri, wakiwamo wa Kahama na Geita, waeleze ushuru wa huduma uliotoka mgodini umekwenda wapi. Wahenga wa maduka yetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kamati hiyo ndiyo inayolifungua daftari.

Uwezo huu una mipaka, na fundi anaijua mipaka ya chombo chake. Mbunge hawezi peke yake kuleta muswada wa kutoza kodi au kuongeza matumizi. Ibara ya 99 inataka jambo hilo litoke kwa Rais kupitia Waziri. Muswada uliopita Bungeni si sheria mpaka Rais aukubali. Akikataa, anaurudisha pamoja na sababu zake. Wabunge wakiupitisha tena kwa theluthi mbili ya wabunge wote na kuupeleka kwake ndani ya miezi sita, Rais atatakiwa kuukubali ndani ya siku 21 au alivunje Bunge. Ni kifungu kizito kwa pande zote mbili, kwa sababu wote wangelazimika kurudi kwa wapiga kura. Bunge linaweza pia kumpigia Waziri Mkuu kura ya kutokuwa na imani naye, na kwa utaratibu mgumu zaidi, kumshtaki Rais. Zana hizo kubwa hukaa kabatini. Zile ndogo ndizo zinazofanya kazi kila siku: swali, kamati, jedwali, shilingi.

Tangu 2021 sheria yetu inataka Kiswahili kiwe lugha ya sheria, na kazi ya kuzitafsiri sheria za zamani imekuwa ikiendelea. Hatua hiyo inampa mmiliki wa karasha wa Katoro uwezo wa kukisoma kifungu kinachomhusu bila kumlipa mtu wa kumsimulia. Hansard nayo iko wazi kwa anayeitaka. Anayeishi Shinyanga au Geita, juu ya dhahabu na almasi zinazotungiwa sheria karibu kila mwaka, ana sababu kuliko wengi ya kuvisoma vyote viwili.

Basi tuubadili mzani wa kuwapimia wabunge wetu. Tusihesabu makofi wala idadi ya mara walizoonekana kwenye runinga. Tutafute Jedwali la Marekebisho lenye jina lao. Tutazame kama swali lao la nyongeza lilipata tarehe au lilipata kauli tu. Tuulize ile shilingi ilirudishwa kwa ahadi gani, na kama ahadi hiyo imetimizwa. Muswada ujao wa madini ukichapishwa, vyama vya wachimbaji, madiwani na walimu wa sekondari wa ukanda huu wausome ukiwa bado kwenye kamati, wapeleke maoni yenye namba ya kifungu na maneno mbadala yaliyo tayari. Mafundi wa Dodoma watafanya kazi bora zaidi wakijua kwamba huku Geita na Shinyanga kuna watu wanaokagua kila mshono.